Kunde zilizokosa kujua chini ni wapi

Ikiwa una mtoto wa sekondari nyumbani, huenda umewahi kukikuta kitabu chake cha biolojia kikiwa wazi mezani, na ndani yake mchoro wa kisahani kilichosimama wima kama gurudumu la baiskeli. Mbegu zimebandikwa juu yake, na kando kuna mshale wa kuonyesha kwamba kisahani kinazunguka. Chombo hicho huitwa klinostati. Wanafunzi wa Kenya wamekichora kwa miaka mingi, wakakariri jibu lake, wakapata alama zao mbili tatu. Waliokiona kikizunguka ni wachache. Mimi mwenyewe nilikichora nikiwa shuleni, lakini sikukiona hadi juzi juzi, tena si katika maabara bali juu ya kabati la vyombo, jikoni kwa dada yangu kule Mishomoroni, Kisauni.

Aliyekiunda ni mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, ambaye alikuwa ameingia maonyesho ya sayansi ya shuleni. Alinipigia simu jioni moja. Baada ya shikamoo akauliza, "Mjomba, ile maikrowevu yenu iliyokufa bado mnayo?"

Nilikuwa nayo. Kesho yake nikaibeba begani kutoka Likoni, nikapanda nayo feri, na kabla hatujatia nanga ng'ambo ya pili watu watatu walikuwa wameshaniuliza ninaiuza bei gani. Nikaifikisha Kongowea kwa matatu, na huko fundi mmoja wa redio akaifungua, akatoa kijimota kidogo cha chini kinachozungusha sahani ya chakula. Kijimota hicho huzunguka polepole, mara tano hivi kwa dakika, nacho ndicho mpwa wangu alichokuwa akikitaka.

Alichukua vifuniko viwili vya kopo, akavitandika pamba iliyoloweshwa. Kunde zilikuwa zimeoteshwa siku mbili katika kitambaa chenye maji, hadi mizizi ikachungulia. Akazibana kwa pini: moja mzizi wake ukielekea juu, nyingine chini, nyingine kushoto, nyingine kulia. Akavifunika kwa plastiki ili pamba isikauke. Kifuniko cha kwanza alikisimamisha wima, kikatulia. Cha pili pia alikisimamisha wima, lakini hiki alikifunga kwenye mota. Mwisho akaviwekea boksi juu, ili mwanga usije ukaivuta mimea na kumharibia ushahidi.

Mama yangu, yaani bibi yake, aliyatazama yote hayo akatikisa kichwa. "Mwazizungusha kunde mpaka zipate kizunguzungu, kisha mwaniambia nizipike?"

Siku ya pili tulifunua boksi. Kwenye kifuniko kilichotulia, kila mzizi ulikuwa umejipinda ukaelekea chini, hata ule uliokuwa umeelekezwa juu. Kwenye kile kinachozunguka, mizizi ilikuwa imeendelea kule kule ilikoelekezwa mwanzoni, kila mmoja na njia yake, kama watu waliopotezana sokoni.

Mzizi hujuaje chini ni wapi? Kwenye ncha yake mna seli zenye punje ndogo za wanga ambazo ni nzito kuliko majimaji yaliyozizunguka. Punje hizo hutuama upande wa chini wa seli, kama mashapo ya kahawa katika kikombe. Mzizi ukilazwa, punje zinahama, na mmea unapata habari kwamba chini pamebadilika. Basi ukiuzungusha mzizi bila kukoma, punje hazipati nafasi ya kutua upande mmoja. Habari inakuwa haifiki.

KOSA LANGU

Usiku wa kuamkia maonyesho, stima zilipotea Mishomoroni tangu saa nne hadi alfajiri. Mota ikasimama. Asubuhi, mizizi yote ya kifuniko cha pili ilikuwa imepinda kama ndoana, na ndoana zote zilielekea upande mmoja. Kijana alitaka kulia. Muda wa kuotesha nyingine haukuwapo. Nilimwambia azibebe hivyo hivyo, kwa kuwa ana kitu kimoja kitakachomwokoa: kichwa cha habari. Mimi ni mtu wa magazeti, na nilikuwa nimemwandikia kwa mkono wangu kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu nyekundu: NIMEONDOA GRAVITI KISAUNI!

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mzima mwenye miwani. Alisoma ile manila, akatoa kalamu mfukoni, akaiachilia mbele ya gurudumu. Ikaanguka sakafuni.

"Kijana, hiyo graviti uliyoiondoa umeipeleka wapi? Mbona kalamu yangu imeanguka?"

Watu wakacheka. Kisha akainama, akazitazama zile ndoana, akauliza zimetokana na nini. Mpwa wangu akaeleza kwa aibu habari ya stima: saa iliyopotea, saa iliyorudi, na jinsi mizizi ilivyoanza kujipinda mara tu gurudumu liliposimama. Mwalimu yule akanyamaza kidogo. Akasema kwamba hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Mmea uleule, pamba ileile, boksi lilelile. Kilichobadilika ni mzunguko tu, na mizizi ikaandika saa ulipokoma.

Alimpa alama nzuri za jaribio, akamkata alama za kudai asichokifanya. Mpwa wangu akawa wa nne. Waliosonga mbele ni watatu.

Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Tulipofika mlangoni akasema, "Mjomba, kichwa kile kilikuwa chako." Naam, kilikuwa changu. Kwa hiyo nilikwenda kusoma, na leo namlipa deni lake mbele yako, msomaji.

GRAVITI HAIONDOKI

Wengi wetu hudhani wanaanga huelea kwa sababu kule juu hakuna graviti, yaani mvutano wa ardhi. Sivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kiasi cha kilomita 400 juu yetu, na katika kimo hicho mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa Likoni. Wanaelea kwa kuwa wao na kituo chao wanaanguka pamoja, muda wote, huku wakienda mbele kwa kasi kubwa hata ardhi inajikunja chini yao wasiifikie. Kinachokosekana ni uzito, si mvutano. Hali hiyo wataalamu huiita maikrograviti.

Unaweza kuiona nyumbani. Chukua chupa ya maji ya plastiki, itoboe tundu karibu na kitako, uijaze maji na uache kizibo wazi. Maji yatachuruzika tunduni. Sasa mwambie mtoto aiachilie kutoka juu ya ngazi, mahali pasipo na watu chini. Katika muda ule mfupi wa kuanguka, maji hayatoki. Chupa na maji vinaanguka pamoja, na maji hayana uzito wa kuyasukuma nje.

Wanasayansi wana namna zao za kuangusha vitu. Mjini Bremen, Ujerumani, kuna mnara ambao ndani yake chombo cha majaribio huporomoka mita 110, na muda wa kukosa uzito ni sekunde 4.7. Kuna ndege zinazopanda na kushuka kama wimbi, na kila wimbi hutoa sekunde 20 hivi. Lakini seli hai haina haraka namna hiyo. Ili igawanyike, au iamke kupambana na ugonjwa, huhitaji saa nyingi, pengine siku kadhaa. Kuipeleka angani nako kunataka roketi, fedha nyingi, na miaka ya kungoja zamu. Hapo ndipo gurudumu linapoingia.

Gurudumu lenyewe ni la zamani. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu kwenye gurudumu lililozungushwa na maji ya kijito kwa kasi kubwa. Mizizi ikakua kuelekea nje na machipukizi kuelekea kitovuni, na hivyo akaonyesha kwamba mmea hufuata nguvu inayouvuta. Baadaye katika karne hiyo, Mjerumani Julius von Sachs akalizungusha polepole, asiongeze nguvu nyingine bali aipoteze ile ya ardhi njia. Ndiyo klinostati ya kitabuni.

LORI LA ZEGE NA SELI YA BINADAMU

Seli ya binadamu haipigwi pini kwenye pamba. Huishi ndani ya majimaji, nayo ikiachwa katika kisahani hutuama chini, ikajitandaza kama mkeka. Ndani ya mwili haiishi hivyo. Imezungukwa na wenzake pande zote.

Ukisimama barabara ya Magongo, Changamwe, utayaona malori ya zege yakipita na tumbo lao linazunguka. Dereva akilisimamisha, kokoto zitatuama na simiti itaganda. Wazo la kutoruhusu kitu kitue ndilo walilolitumia wahandisi na wanabiolojia wa NASA mjini Houston, Marekani, katika miaka ya 1980, walipounda chombo cha kuoteshea seli kinachozunguka. Ila lori lina mapanga ndani, yanavuruga. Chombo cha Houston hakina. Ni kopo la duara lililojazwa maji ya lishe hadi pomoni, pasibaki hata povu moja la hewa, na kuta zake na maji yake huzunguka pamoja. Seli inataka kuzama, maji yanaipandisha. Inazama tena, yanaipandisha tena. Haifiki chini, na wala haipigwi na mawimbi. Zikiwa humo, seli hushikamana zikafanya vidonge vidogo vinavyofanana zaidi na nyama ya mwilini kuliko mkeka wa kisahani.

Hata hivyo, zingatia jambo hili: graviti imo humo wakati wote. Kinachoigwa ni matokeo yake machache tu. Mzunguko wenyewe nao huweza kuisumbua seli. Ndiyo sababu mtafiti makini huweka chombo cha pili kinachozunguka kwa kasi ileile, lakini kimegeuzwa mhimili wake ukasimama wima, hivyo seli zinatuama kama kawaida. Tofauti ikionekana kati ya viwili hivyo, hawezi kuusingizia mzunguko.

Tena gurudumu linahitaji kusahihishwa na anga yenyewe. Mnamo Novemba 1983, mtafiti Augusto Cogoli wa Zurich, Uswisi, alipeleka seli nyeupe za damu ndani ya maabara ya Spacelab. Seli hizo ni askari wa mwili. Zikichokozwa huamka na kuzaana. Za angani zilichokozwa zikakataa kuamka: mwitiko wao ulipungua kwa zaidi ya asilimia 90 zikilinganishwa na zilizobaki ardhini. Hadi leo jambo hilo linachunguzwa kwa mashine zinazozungusha pande mbili kwa pamoja, na zenyewe pia zimeonyesha seli hizo zikizubaa.

YANAMHUSU NINI MAMA WA CHAANI?

Najua kuna msomaji anayesema haya ni ya wazungu na roketi zao. Subiri kidogo.

Mwanabiolojia Cheryl Nickerson wa Marekani aliingiza salmonela katika chombo kile cha kuzunguka. Salmonela ni kijidudu cha tumbo tunachokipata katika chakula na maji machafu. Kijidudu kilichokuzwa humo kiliwaua panya wa majaribio upesi kuliko ndugu yake wa kawaida. Je, ni hila ya mashine? Mnamo Septemba 2006 salmonela walipelekwa angani kweli, na waliporudi nao walikuwa wakali zaidi. Safari hii gurudumu na anga vilikubaliana.

Salmonela ni mdogo mno. Hana punje za wanga za kumwonyesha chini. Wataalamu wanaona kwamba anachokihisi ni utulivu wa maji yaliyomzunguka, kwa kuwa hapigwi na mkondo. Na utulivu kama huo upo pia ndani ya utumbo wetu, katika vipembe vya kuta zake ambako mkondo haufiki. Kwa maneno mengine, mashine iliyoundwa kwa ajili ya anga ilikuwa imechungulia tumboni mwa mtoto.

Na sasa tumefika kwetu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome walioko Kilifi, mwendo mfupi tu kutoka Kisauni, waliwapima damu watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya kati ya 1998 na 2002. Matokeo yao ya 2005 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofariki hospitalini humo walikuwa na bakteria ndani ya damu, na salmonela isiyo ya taifodi ilikuwa miongoni mwa bakteria wakuu. Aina moja ya salmonela hiyo imeenea Afrika kusini mwa Sahara. Hupatikana kwenye damu, na mara nyingi mgonjwa hana hata dalili ya kuhara. Mama huona homa tu, akadhani ni malaria.

Kijidudu cha aina hiyo kilichotolewa katika damu ya mtoto wa Malawi ndicho maabara ya Nickerson ilichokizungusha, na mwaka 2016 ikatangaza kwamba utulivu wa maji unabadilisha ukali wake, tena kwa namna isiyofanana na ya salmonela wa kawaida. Dawa bado haijatoka humo, nami sitarudia kosa la manila kwa kukuambia iko njiani. Lakini ili umzuie mwizi, sharti ujue hubadilika vipi akiingia gizani. Wakati tunangoja, homa ya mtoto mchanga isitibiwe kwa kubahatisha. Apelekwe hospitali upesi akapimwe.

GURUDUMU LA JIKONI

Pwani yetu si ngeni kwa mambo ya anga. Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco baharini kuanzia miaka ya 1960, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti kutoka hapo iliondoka 1988. Wazazi wetu walizisikia habari zake redioni, lakini mtoto wa Mtongwe hakuwa na njia ya kuligusa jukwaa lile.

Gurudumu analigusa. Mwaka 2013 Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu, iliyoko Vienna, ilianza kugawa klinostati kwa shule na vyuo vya nchi mbalimbali, Nigeria ikiwamo, na ikatoa kitabu cha kumwongoza mwalimu. Mwalimu wa sayansi unayesoma ukurasa huu, fikiria kuandika barua uulize kama bado zinagawiwa. Na kabla ya jibu kuja, kuna vifuniko vya kopo, pamba na kunde.

Nina onyo moja kwa wazazi. Maikrowevu haifunguliwi na mtoto, wala na wewe. Ndani yake mna kifaa kinachohifadhi umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Mpelekee fundi anayeijua, naye pia ndiye afunge nyaya za mota.

Jumamosi iliyopita nilivuka tena feri nikaenda Mishomoroni. Vifuniko juu ya kabati sasa ni vitatu. Cha kwanza kimetulia. Cha pili kinazunguka kikiwa wima. Cha tatu kinazunguka kwa kasi ileile lakini kimelazwa, kwa mota ya pili aliyoipata kwa fundi yule yule. Nilimwuliza kwa nini cha tatu, ingawa jibu nililijua.

"Ili mtu asiniambie kunde zilipotea kwa kizunguzungu, Mjomba."

Manila mpya ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino mweusi: "Graviti ipo. Kunde hizi zimenyimwa nafasi ya kuisikia." Chini yake amechora ndoana moja, ameandika na saa ambayo stima zilipotea. Maonyesho ya mwakani anaingia tena, na mimi nimekatazwa kushika kalamu.

Mama alinipakulia chakula. Zilikuwa kunde za nazi, zile zilizobaki katika mfuko. "Hizi hazikuzungushwa," akasema. "Kula tu."